Antena ya Mama Ngalula

Trésor, fundi mwenzangu, aliniomba niandike kurasa mbili kwa ajili ya vijana wa atelieri, karakana yetu ya vyombo vya umeme, kwa kuwa sasa nimeacha kazi na sina kisingizio. Nikamwambia kurasa mbili hazitoshi hata kusalimia, nikataja kumi. Akasema vijana hawasomi kumi. Tukapatana sita, kwa sharti kwamba sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini. Mambo hayo hujaza karatasi na hayatengenezi kitu. Nitaandika juu ya karte.

Kwa yule aliyeingia atelieri jana: karte ni ule ubao mwembamba, mara nyingi wa kijani, unaokaa ndani ya redio, pampu, friji au mashine ya kusagia. Juu yake kuna vipande vidogo, na pande zote mbili zina njia nyembamba za shaba zinazopeleka umeme toka kipande hiki hadi kile. Karte ikiungua, na kiwanda kilichoizaa kimefungwa au hakijibu, basi hakuna mchoro. Kazi yetu ni kuupata mchoro kwa kuikodolea macho karte yenyewe, kama mtu anayejifunza kupika sombe kwa kuonja sufuria ya jirani.

Nilijifunza kwa Papa Dieudonné. Alikuwa mrefu, mkimya, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata mwezi wa kumi, wakati Likasi nzima inatafuta kivuli. Chombo chake kikuu kilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga lenye balbu ndani na kioo juu. Alilaza karte kwenye kioo, mwanga ukapenya, njia za shaba zikaonekana kama mishipa ya jani. Juu yake aliweka karatasi ya mafuta akachora: nyekundu njia za juu, bluu njia za chini. Siku yangu ya kwanza alinipa karte ya redio, akaonyesha mguu wa kipande kimoja, halafu mguu wa kingine. «Toka hapa, ufike pale.» Nilichora mpaka saa sita. Akatazama, akavua miwani.

«Odile. Umetoka Likasi, umefika Kapolowe, umerudia tena Likasi, na hata kitunguu haukununua.»

Ndipo akanipa sheria ambayo nimeishi nayo: hesabu kwa macho, kisha hesabu kwa kidole. «Macho inapendaka kukufurahisha,» alisema. «Kidole, hapana.» Kwa hiyo nilihesabu kila kitu mara mbili, matundu, miguu, skrubu, na wateja wanaosema walikuwa wa kwanza. Mjini wakaniita Mama Mbili-Mbili. Jina baya lina faida: hakuna aliyejaribu kuniuzia dazeni yenye kumi na moja.

Miaka ile ya mwanzo watu walikuwa wakiingia wakiwa wamekumbatia redio, wananitazama, wanatazama nyuma yangu.

«Fundi eko wapi?»

«Njo minye,» nilisema, yaani ndiye mimi.

«Hapana, Mama. Fundi mwenyewe.»

«Basi ungoje.»

Wakangoja. Niliitengeneza redio mbele yao, nikaifunga, nikawapa. Mmoja alishukuru, akaondoka, kisha akarudi kutoka mlangoni kuuliza kama fundi atakuwapo kesho.

Papa Dieudonné alipokaribia kustaafu ndipo Trésor alipofika kutoka masomoni Lubumbashi, na kompyuta iliyokuwa na programu ya kusoma karte kwa picha. Hamhitaji tena balbu, alisema. Mnapiga picha mbili kwa simu, upande wa juu na upande wa chini, simu ikiwa sawasawa juu ya karte, wala si kutoka pembeni kama picha ya harusi. Msipige kwenye jua kali, shaba itang'aa na kuficha njia, pigeni kivulini. Picha ya chini mnaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, mnailaza juu ya ile ya kwanza, mnazisogeza mpaka matundu yakutane. Programu inafuata rangi ya shaba yenyewe na kupaka njia. Mkigusa moja, kila kilichounganishwa nayo kinawaka rangi ileile. Na vipande inavipa majina: R ni kipande cha kuzuia umeme, L ni waya uliozungushwa, U ni kile cheusi chenye miguu mingi.

Papa Dieudonné alitazama kwa muda mrefu.

«Ni muzuri,» akasema. «Na kidole inapita wapi?»

Baadaye alikwenda zake upande wa Mulungwishi, ambako analima maharage na, kwa makusudi, hana redio.

Sikuichukia programu. Nilipatana nayo, kama ninavyopatana na mtu yeyote sokoni: yeye anataja, mimi nakataa, tunakutana katikati. Ilinipunguzia kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja. Lakini mjue tabia yake: haina aibu. Haisemi «sijui». Mara moja tulipiga picha karte ya friji iliyotoka katika duka la vinywaji, na programu ikatupa kipande kipya, cheusi, chenye miguu sita, ikakiita U3. Trésor alikitafuta kipande hicho katika vitabu vyake vyote. Mimi nilikiona kimoja kikitembea ukutani. Alikuwa mende, amekauka juu ya karte na miguu imenyooshwa vizuri, mitatu huku na mitatu kule, kwa nidhamu ambayo mende aliye hai hana. Tulicheka tukadhani tumejifunza.

Ndipo akaja Mama Ngalula.

Alikuwa mwenyekiti wa wanamama wa kanisa lake, mtu wa mwili na sauti, na alikuwa na mashine ya kuangulia mayai: sanduku kubwa lenye joto ndani na trei inayogeuza mayai polepole, badala ya kuku. Mvua ya alfajiri ile ilikuwa imeleta radi, radi ikapiga karibu, na mashine ikanyamaza na mayai yako ndani, yamekwisha kupita nusu ya safari. Aliingia atelieri na simu mkononi.

«Yambo, Mama Odile.»

«Yambo, Mama. Karte iko wapi?»

«Iko ku nyumba.»

«Inafanya nini ku nyumba?»

«Inanyamaza. Foto njo hizi.»

Nilijua mara moja. Watu wa kwetu hawaachi kitu kwa fundi. Wanaamini fundi anakula vipande vizuri na kurudisha vibovu, na sitasema wote wanakosea, maana ninawajua mafundi kadhaa kwa majina.

«Mama, lete karte nione.»

«Ba-fundi munajua kula. Redio ya marehemu baba yangu iliingia ku atelieri inashika poste zote. Ikatoka inashika moja, na ile moja ni ya maombi.»

«Si atelieri yetu.»

«Sikusema ni yenu. Nasema ni atelieri.»

Nikaomba akae nayo hapa, magotini pake, tusiiguse. Akauliza mayai yatabaki na nani. Nikaomba twende kwake tuitazame. Akasema siku mashine itakapopona ndipo tutaiona. Nilivutana naye kila upande, na nilichopata ni picha mbili na ruhusa ya kufunga karte mpya kwake sisi wenyewe. Katika maisha yangu yote ya kazi hiyo ndiyo biashara ambayo sikushinda hata sentimeta.

Lakini alipokwisha kushinda, akakaa kwenye kiti changu na sauti ikapungua.

«Mayai haiko yangu. Banamama walitoa ku kuku zao, kila mumoja yake, hata bale bangeikula bakashiba. Niliwaambia: banamama, tuaminiane. Ikikufa, nitakaa wapi ku kanisa? Ku mulango, pamoja na bale banachelewaka.»

Basi kazi ilikuwa hiyo, na kila mtu aliijua: kuyaweka hai mayai ya wanamama mpaka mashine ipone. Yai linaweza kuvumilia baridi kidogo. Siku nzima halivumilii. Trésor akafungua picha kwenye kompyuta. Mimi nikatoka kwenda mtaani kutafuta kuku wanaoatamia.

Hii haimo katika mafunzo yoyote, kwa hiyo iandikeni. Kuku anayeatamia hapatikani kwa kupita tu barabarani. Ni lazima uulize nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inataka kujua sababu. Papa Gaston, fundi cherehani, alikuwa naye mmoja, mkubwa, mwekundu, amekaa nyuma ya mashine yake ya kushona na macho ya hakimu.

«Kuku yangu haiko taksi,» alisema. «Hapakii bantu ya bengine.»

«Atakaa palepale. Mayai ndiyo yatakuja.»

«Na akichoka?»

«Umeona kuku amechoka kukaa?»

Akafikiri. Nikamwahidi redio yake itengenezwe na kifaranga mmoja. Akataka wawili. Nikamwambia basi redio aitengeneze mwenyewe. Akakubali mmoja. Kwa njia hiyo nilipata kuku watatu, na walipojaa mayai mpaka hawawezi kukunja mabawa, bado mengine yalibaki. Hayo wakayachukua wanamama wenyewe. Walikaa sebuleni kwa Mama Ngalula, kila mmoja na mayai kifuani, yamefungwa kwa vitambaa, wanapokezana kama zamu ya mgodini. Sheria ilikuwa moja tu: kutocheka.

Niliporudi atelieri nilimkuta Trésor amesimama. Yeye husimama akifurahi.

«Mama, kuya uone. Iyi mashine ni ya haut niveau, ya juu sana.»

Picha zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, zimepigwa kivulini, sawasawa kutoka juu. Karte ilikuwa ya kawaida: kipande cha kupima joto, swichi ya kuwasha chuma cha moto, kipande cheusi cha kuamuru trei. Lakini karibu na kona kulikuwa na duara jeusi, kubwa kama kifuniko cha chupa, na ndani ya duara waya wa rangi ya shaba umezungushwa vizuri, mzunguko ndani ya mzunguko. Njia za shaba zilifika mpaka ukingoni mwa duara na programu ilikuwa imeziunganisha na ule waya bila kusita. Ikauita L1.

«Na ku chini?» niliuliza.

«Ku chini vilevile! Couche mbili, tabaka mbili, Mama! Juu inazunguka kuume, chini inazunguka kushoto!»

Nikahesabu mizunguko ya juu: mitano. Nikarudia: mitano. Nikahesabu ya chini: mitano, na tena mitano. Sikilizeni, mimi nimefanya kazi hii tangu kabla Trésor hajaota meno, na nawaambia: kosa lililohesabiwa mara mbili haligeuki kuwa kweli. Linapata shahidi tu.

«Mashine ya mayai inatafuta nini na waya wa kuzungusha?»

Trésor alikuwa na jibu tayari. «Ni antena.»

«Antena ya nini?»

«Ya kupeleka températures. Ku satellite. Ba-machine ya sasa inafanyaka vile.»

Mama Ngalula alikuwa amepita kuuliza habari, akasikia. Akashika mlango.

«Mayai ya banamama inasemezana na satellite?»

«Ni ile tu ya joto, Mama.»

«Na inasema nini?»

«Inasema iko joto.»

Akaenda akawaambia wengine. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba mayai ya kanisa yana simu.

Tulijenga karte mpya juu ya ubao wenye matundu, kipande kwa kipande, kila namba tuliyoiona pichani tukaitafuta katika makopo yetu. Antena tuliisokota kwa waya wa feni iliyokufa, tukiuzungusha kwenye mwili wa kalamu: mitano kuume, mitano kushoto. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila aibu, nimesokota nyaya nyingi na ile ilikuwa nzuri. Jua lilipozama tukafunga, maana karte iliyolehemiwa na usingizi hulehemiwa tena kesho yake.

Asubuhi tukaenda kwa Mama Ngalula. Wanamama walikuwa wamekaa ukutani kwa mstari, mikono kifuani, wima kama kwaya inayosubiri noti. Walitusalimia kwa midomo tu. Mimi nikapiga magoti mbele ya mashine, nikafunga karte, nikaomba viazi. Vijana, andikeni na hii: mashine ya mayai haijaribiwi kwa mayai. Kiazi kina ukubwa uleule na hakina mama.

Tukapanga viazi kwenye trei. Trésor akawasha.

Trei ya mashine ile hugeuka kidogo, inasimama saa nzima, inageuka tena. Yetu iligeuka kushoto, ikageuka kulia, ikarudi kushoto, na ikaendelea. Haikusimama. Ikaongeza mwendo. Viazi vikaanza kuruka, king'ora kikalia mlio mmoja mrefu, na taa ikawaka na kuzimika kwa mdundo ambao, ungeongeza gitaa, ungechezeka. Mwanamama mmoja ukutani alifumba macho. Mwingine aliuma kitambaa.

«Ni satellite,» alisema Trésor. «Inatafuta position.»

«Zima!» nilisema.

«Ungoje kidogo, itapata…»

Kiazi kimoja kikatoka kwenye trei kikampiga kwenye goti. Akazima.

Hapo Mama Ngalula alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, kuniuliza kama hiyo ndiyo elimu. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kwa hiyo sikuona uso wake. Niliona kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. Kilikuwa cheusi, na juu ya weusi kulikuwa na konokono, wengi, wa rangi ya shaba, kila mmoja amejikunja vizuri, mzunguko ndani ya mzunguko. Nikamhesabu yule aliyekuwa karibu na pua yangu. Mitano. Nikamhesabu tena.

«Mama Ngalula,» nilisema polepole. «Ile siku ya foto, karte uliiweka wapi?»

«Wapi tena? Ku magoti. Nilikalia ku kivuli, nikaiweka ku magoti kama mutoto, nikapiga juu, nikaipindua, nikapiga chini.»

«Na ulivaa kikwembe gani?»

Akajitazama. «Njo hii.»

Trésor alipiga magoti karibu nami. Alimtazama konokono, akafungua kompyuta, akaitazama picha, akamtazama konokono tena, kwa uangalifu wa mtu anayelinganisha sahihi ya benki.

«Mama,» aliniambia kwa sauti ndogo, «iyi antena iko na macho.»

Kweli. Katika picha, ukitazama vizuri, konokono alikuwa na pembe mbili ndogo. Tulikuwa tumedhani ni mahali pa kulehemu.

Sasa muwaone wale wanamama. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na mayai kifuani na walikuwa wameahidi. Walitetemeka mstari mzima, machozi yakishuka, mashavu yamejaa pumzi, na mmoja alianza kuimba wimbo wa toba kwa sauti nyembamba ili tu kinywa kipate kazi. Mama Ngalula alitazama mstari, akatutazama sisi.

«Munataka kusema mulijenga kikwembe yangu ndani ya mashine?»

«Konokono moja tu, Mama,» alisema Trésor. «Pande mbili.»

Nikasimama. «Mama Ngalula, sasa tupatane. Mayai yako chini ya kuku za watu na kifuani mwa wenzako, na hawa hawatavumilia zaidi ya hapo, watazame. Kitu chako siwezi kula. Nimekula aibu asubuhi hii, nimeshiba. Nipe karte niiguse.»

Alikuwa akipima redio ya marehemu baba yake na benchi la mlangoni. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa unga wa mahindi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa karte, nyeupe kama mtu aliyezikwa kwenye theluji ambayo sijawahi kuiona. Akaipuliza. Akaishikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaiweka mkononi mwangu.

Nilipitisha kidole changu juu yake, polepole, kuanzia kona. Kidole kikafika kwenye duara jeusi, na kikapita. Kikatokea upande wa pili. Lilikuwa tundu. Radi ilikuwa imekula karte ikatoboa mpaka ng'ambo, ikaacha masizi ukingoni, na kikwembe kikachungulia kutoka magotini mwa Mama Ngalula. Nikakizungusha kidole ndani ya tundu ili Trésor aone.

«Antena yako,» nilimwambia.

Kwa kidole mambo yalikuwa rahisi. Njia mbili za shaba zilifika ukingoni upande huu, na mbili zikaanzia ukingoni upande wa pili, zinatazamana kama barabara ambayo mto umekula daraja. Zilihitaji kuvushwa moja kwa moja, kila moja peke yake. Sisi tulikuwa tumezisokota pamoja kwa ufundi mkubwa. Nilikata antena kwenye karte yetu, nikalehemu nyaya mbili fupi, zilizonyooka, ambazo mtu yeyote angeona haya kuzionyesha. Tukarudisha viazi. Trei ikageuka kidogo, ikasimama. Joto likapanda, likafika mahali pake, likatulia. Tulingoja mpaka adhuhuri, na viazi vikakaa kama vimelelewa vizuri.

Ndipo wanamama wakatoa mayai kifuani, moja moja, wakayalaza kwenye trei. La mwisho lilipofika, mlango wa mashine ukafungwa, na wakacheka. Sijasikia kicheko kama kile tena. Papa Gaston alisikia kutoka dukani kwake, akaja mbio na sindano mdomoni.

Kuku wake hakupenda kurudisha mayai. Alimdonoa Trésor mikono yote miwili, kwa hiyo tulichukua kwa haraka kila kilichokuwa chini yake na hatukutazama sana. Hilo lina umuhimu, maana mayai yalipoanguliwa, Mama Ngalula alituita tuhesabu. Machache hayakufunguka, kama ilivyo siku zote. Mengine yote yalikuwa hai, sanduku limejaa kelele za manjano. Na katikati yao alikuwapo mmoja mwenye mdomo bapa.

«Huyu ni bata,» nilisema.

«Ni kifaranga yangu ile ulinipromettre, ile ahadi yetu,» alisema Papa Gaston haraka. «Kuku yangu njo alikuwa naye.»

«Kuku yako anazaaka bata?»

«Njo maana nilikuambia haiko taksi. Haiko kuku ya bure.»

Akamchukua bata, akaenda zake, na mpaka leo hajaeleza yai lile lilifikaje pale. Jumapili iliyofuata niliambiwa kwamba Mama Ngalula alikaa benchi la mbele kabisa, katikati, na kwamba alichelewa kwa makusudi ili wamwone akipita.

Vijana, katika kompyuta ya atelieri mchoro ule bado upo, na L1 yake. Musiufute. Mukiufungua musijenge. Na karte mukiipiga picha, muilaze juu ya karatasi nyeupe isiyo na kitu. Si kwenye kikwembe, si kwenye kitambaa cha meza chenye maua, si magotini pa mtu. Na kama mwenye karte hataki kuitoa, tafuteni namna mpaka aitoe. Picha ina macho tu.

Siku niliyoaga kazi, Mama Ngalula alikuja na pampu ya kisima chake. Aliifungua mbele ya watu wote, akatoa karte, akaiweka mezani, akaiacha, akasimama mbali nayo. Sijapewa zawadi nyingine kama ile, lakini alikuwa na ya pili: kile kikwembe cha konokono, kimefuliwa na kupigwa pasi.

«Weye njo mutu moja tu aliyekisoma,» alisema.

Nikakifunga palepale. Trésor akanipiga picha, na bila kuniuliza akaitia ndani ya programu. Ikafikiri. Halafu njia zikaanza kuwaka kuanzia kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, rangi kwa rangi, L1, L2, L3, mstari baada ya mstari.

«Iko na koili makumi tatu na nane,» alisoma Trésor, «na hakuna hata moja imekatika. Mama, unatembea vizuri.»

«Makumi tatu na nane? Hesabu tena. Kwa kidole.»

Trésor alikitazama kikwembe, akanitazama mimi niliyekuwa ndani yake, akarudi nyuma hatua moja na kuweka mikono mgongoni.

«Kwa macho, Mama,» alisema. «Kidole, hapana.»